Gome Bichi

Kasimiri alianguka kutoka juu ya mti wa mninga, na alipotua goti lake la kulia lilitazama mbele, vidole vikatazama pembeni. Hakuhitajika msomi kujua kwamba mguu haukai hivyo.

Walikuwa wawili tu katika msitu wa Usinge, wakirina asali mwishoni mwa kiangazi, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mwenzake alikuwa Masolwa, shemeji yake, kaka wa mkewe Nyamizi. Kibuyu cha maji kilikuwa nusu. Reli ilikuwa mbali hata kwa mtu mwenye miguu mizima.

"Mguu umevunjika?" Kasimiri aliuliza huku amefumba macho.

"Fundo la mguu limechomoka."

"Basi lirudishe. Na ukinicheka nitamwambia dada yako."

"Dada yangu atanicheka mimi niliyekubali akuoe."

Masolwa akampa kijiti aume. Babake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara ya Ujiji, na wapagazi walikuwa na ujuzi wa miguu. Masolwa alilikunja goti la Kasimiri kwanza, ili ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ulegee. Akashika kisigino, akavuta, akazungusha. Kitu kikagonga ndani. Wayo ukatazama mbele, na Kasimiri akazimia.

Sasa ilibaki kuufunga. Warina asali hutumia gome kwa kila kitu: mzinga ni gome, lindo la kubebea asali ni gome, kamba ni gome. Miti ya miombo ilikuwa imeanza kuchipua, magome yake yakabanduka vizuri. Masolwa akauzungushia mguu gome bichi kuanzia chini ya goti, akaacha vidole nje, akakaza kwa kamba. Ukakaa kama buti la askari. Akajisifu moyoni, akambeba shemeji yake mgongoni kuelekea reli, malindo ya asali yakining'inia kifuani.

Jua liliwaka. Machipukizi hayakuwa na kivuli cha kuwafunika.

"Linauma hili gome," Kasimiri alisema. "Lilegeze kidogo."

"Nyamaza. Wewe ni mzigo, na mzigo hauna mdomo."

"Babako alibeba pembe za ndovu bila kupumua hivi."

"Pembe hazili ugali kama wewe."

Kesho yake maji yaliisha. Walilamba asali, nayo ikawaongezea kiu mpaka ndimi zikanata. Kasimiri aliendelea kulalamika, mara gome linamng'ata, mara linamchoma. Masolwa hakusimama. Aliogopa kwamba akimtua hataweza tena kumwinua. Kisha, jua lilipopinda, malalamiko yakakoma.

"Vipi mguu?"

"Umetulia. Sisikii kitu. Nadhani umepona."

Masolwa akashukuru Mungu, akaongeza mwendo.

Walifika kwenye korongo kavu. Alimlaza kwenye kivuli cha ukingo, akafukua mchanga kwa mikono mpaka tope likatokea, akalichuja kwa shati. Alipompelekea, mkono wake uligusa vidole vya mguu ule. Kila kitu pale kilikuwa cha moto, mchanga, mawe, hata kibuyu. Vidole vilikuwa baridi. Kucha zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau mbivu. Alibonyeza kidole gumba, pakawa peupe, pakabaki peupe.

Kila mrina asali anajua kwamba gome bichi likikauka hujikaza. Ndiyo maana la mzinga hukatwa kwa kuzidisha. Kwenye mguu wa shemeji yake hakuzidisha hata unywele.

Akachomoa kisu.

"Unakata nini?" Kasimiri aliuliza. "Masolwa! Unakata nini?"

"Gome. Tulia, nisije nikakukata nyama."

Lilikuwa gumu kama ubao. Lilipopasuka, damu ikaanza kurudi, na Kasimiri akapiga yowe lililowarusha kanga.

"Lia, shemeji," Masolwa alisema. "Lia kabisa."

Akachana shuka lake, akafunga upya na vijiti viwili, akiacha nafasi ya kidole kupita. Malindo ya asali na nta aliyatupa hapo hapo. Alitembea, akaanguka, akainuka. Kila alipotua aligusa vidole. Viwili vikapata joto. Vitatu havikupata.

Toroli la wafanyakazi wa reli likawakuta wamelala kando ya mataruma ya reli. Mnyapara wao, Silasi, aliwanywesha kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, akawapakia hadi stesheni, wakapanda treni ya Tabora.

Daktari alipapasa fundo, akauliza nani alilirudisha, maana lilikuwa limekaa sawasawa. Kisha akauliza nani alilifunga.

"Mimi huyo huyo," Masolwa alisema.

Vidole vitatu vilikatwa. Fundo liliganda, halikukunjika tena juu wala chini. Malindo yote yaliliwa na nyegere. Kasimiri hakupanda mti tena maisha yake yote, na mizinga yake Masolwa aliipandia pamoja na ya kwake, msimu baada ya msimu, kwa ajili ya nyumba ya dada yake, mpaka magoti yake yote mawili yakaharibika.