Farasi wa Baba

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, rafiki yangu msanifu majengo alipoingia banda la farasi wa mbao wa kupandwa na watoto, kupima sakafu. Bustani ile ya michezo, iliyolea mji mzima, ilikuwa ivunjwe kupisha jengo jipya.

Mchana wa siku hiyo fundi mzee aliyewatunza farasi hao alikuwa amemsihi, “Mwanangu, watetee basi farasi hawa.”

Bosi wa rafiki yangu, aliyekuwa kando, akacheka. “Kumbe mnajuana?”

“Wazee humwita kila mtu mwanangu,” rafiki yangu alijibu, masikio yakimwaka moto. Fundi yule alikuwa baba yake mzazi.

Sasa, katika giza la banda, alisikia mbao zikilia taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akawasha tochi. Farasi wote, waliochongwa kila mmoja kwa gogo moja, walikuwa wamegeuza shingo na kumpa kisogo.

Asubuhi yake alimshika baba yake mkono, akampeleka bandani alikokuwa bosi. “Huyu ndiye baba yangu.” Farasi walikuwa wakitazama mbele tena, ila rangi ilikuwa imepasuka shingoni mwa kila mmoja.