Alikuwa Anasaidia Tu

Kila asubuhi kabla ya shule, Wegesa alikoroga uji na kumnywesha mama yake, Philomena. Mkono wa mama ulikuwa umepondwa na karasha, mashine ya kuvunjia mawe ya dhahabu ya mzee Mniko, na sasa ulianza kunuka. Daktari alisema apelekwe Mwanza upesi. Majirani wa kijiji chao cha Kewanja walijaa uani, wakanywa chai, wakapiga umbea, wakaondoka.

Mniko alikataa kulipia matibabu. "Sikumwajiri. Alikuwa ananisaidia tu."

Diwani Zablon akaitisha mkutano ofisi ya kijiji. Yeye na Mniko walikuwa chama kimoja.

"Mheshimiwa, tusivuane nguo mbele za watu," Mniko alisema. "Sisi ni ndugu wa chama."

"Ndugu, ndiyo. Lakini mkono unaooza si wa chama." Diwani akamgeukia Wegesa. "Mwanangu, mama alikuwa anakwenda wapi kila siku?"

"Kumsaidia mzee Mniko."

Watu wakaguna. Mniko akacheka. "Mmesikia? Mtoto hadanganyi."

Hapo kijijini kusema "nimeajiriwa" ni kujikweza. Kila kibarua husema anakwenda kumsaidia fulani. Adabu hiyo sasa ilikuwa inamnyima mama matibabu.

"Na asipokwenda?" diwani aliuliza taratibu.

"Nilipougua malaria alibaki nami. Mzee akamkata posho, akamwambia akirudia atamfukuza."

"Mzee Mniko, jirani akikosa kuja kukusaidia kupalilia, unamkata posho?"

"Labda anamkata masikio," mama mmoja alidakia nyuma. Kicheko kikalipuka. Mniko akainamisha kichwa, kisha akakubali mbele ya mtendaji wa kijiji kugharamia matibabu.

Mama alirudi kutoka Mwanza na mkono, ila vidole viwili vilikatwa. Nani aliwachelewesha, kila mtu alijua.

Uchaguzi ulipokaribia, wenzake wa chama walilikata jina la Zablon kwenye orodha ya wagombea. Wegesa alimkuta dukani, akamwamkia.

"Shikamoo, mheshimiwa. Ni kwa sababu yetu."

"Marahaba. Sasa niite baba Lilian tu." Akatabasamu kidogo. "Sikiliza. Nyumba yako ikitoa moshi, wewe wa ndani ndiwe wa kwanza kusema, hata wenzako wakikutoa nje. Cheo ni cha kuazima, Wegesa. Ukikirudisha kikiwa safi, hakuna cha kulilia."

Lakini Wegesa alilia.