Gemu la Msamaria na Chumba Kikavu

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwaeleza ilikuwa na utulivu wake. Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la sebuleni, akatia uzi kwenye sindano, na mama mkwe wake akaketi pembeni kumfumulia mishono ya nguo za wateja. Walitaniana kutwa. Mkwe alimwambia mkamwana kwamba anashona kama anayekimbizwa, naye akamjibu kwamba afadhali yeye, kuna mwenzake anafumua kama anayesinzia. Bibi yule alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mikate, kwenye meza ya kufungashia, na vidole vyake havikujua kukaa bure. Hata nguo za wateja zikiisha kushonwa, yeye ndiye aliyezifunga kwenye karatasi, kila pembe akiikunja mara mbili.

Kisha mvua zikaanza. Ukuta wa chumba cha bibi ukalowa, ukungu mweusi ukapanda nyuma ya kitanda, na kikohozi kikamwingia. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akamgeukia fundi, akasema bila kuzunguka, "Huyu mama asilale tena penye unyevu. Mkimwacha hapo mtampoteza."

Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja tu kikavu. Sasa niwaambie nani alikuwa akikitumia.

Mume wa fundi, ambaye mtaani walimpachika jina la Bwana Nailoni, alikuwa mkusanyaji wa magemu ya zamani, yale ya kaseti za kuchomeka kwenye mashine ya runinga. Mengine yote alikwisha kuyauza, akabaki na moja la kidini, Msamaria Mwema, alilonunuliwa na mama yake utotoni. Mchezaji wa gemu hilo anashika njia na punda wake, na kila majeruhi anayemkuta lazima amfunge vidonda na kumpakia. Akimpita, anapoteza uhai mmoja. Yalitengenezwa machache, na lililobaki ndani ya nailoni yake ya kiwandani lilikuwa adimu kuliko yote. Thamani iko kwenye nailoni, alipenda kusema. Basi Msamaria akawekwa kwenye kabati la kioo, na kando yake mashine ya kukausha hewa ikanguruma mchana na usiku. Bwana Nailoni akiamka alisoma kwanza kipimo cha unyevu, ndipo akaenda kunawa uso. Ufunguo wa chumba aliuvaa shingoni.

Mniwie radhi, nasimulia haya huku moyo umenichafuka.

"Mume wangu," fundi alimwambia wakiwa mezani, "mama ahamie chumba cha kabati. Kitanda chake kinaenea."

"Haiwezekani."

"Kabati lako hatuligusi."

"Si suala la kugusa. Pumzi ya mtu ina maji. Akilala mle siku moja tu, kipimo kinapanda, nailoni inalegea. Na mthamini anakuja mwezi huu kulikadiria bei."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Unataka mama yako asipumue?"

"Sijasema asipumue. Nasema asipumulie mle."

"Basi hiyo mashine tumpelekee chumbani kwake."

"Mthamini akishaondoka, tutaona."

Aliyasema hayo huku akikomba sahani, kwa hamu nzuri kabisa. Fundi aliisukuma yake kando. Alimhamishia mkwe sebuleni, lakini paa la sebule nalo lilivuja, ikabidi amrudishe. Tangu hapo, kila alipomwona mumewe akipangusa kioo cha kabati kwa kitambaa laini, aligeuka akaenda kukaa na mkwe.

Mthamini alifika amevaa glovu nyeupe, ana lenzi mkononi. Bwana Nailoni alimweleza habari za Msamaria kwa sauti ya huruma, namna wengine walivyompita yule majeruhi kando ya njia. Nyuma ya ukuta kikohozi hakikukatika.

"Mna mgonjwa?" mthamini aliuliza.

"Ni mama tu. Mafua ya mvua."

Mthamini aligeuza gemu, akautazama mgongo wake kwa muda. "Huu mshono," alisema. "Kiwandani waliunganisha nailoni kwa kuilaza. Huu umesimama, na pembe zimekunjwa mara mbili. Hili lilifunguliwa, likafungwa upya. Samahani, bwana. Nailoni hii haina thamani yoyote."

Fundi alikuwa mlangoni. Pembe zile alizijua. Alizikabidhi kwa wateja kila siku.

Naye Bwana Nailoni alizijua, maana alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Mama, nani alilifungua gemu langu?"

Bibi alijibu akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu. "Wewe mwenyewe, mwanangu. Ulilifungua siku ileile. Kisha ukalia kwamba nailoni imechanika, unalitaka jipya kama la dukani. Nikaenda nalo kazini, nikalifunga upya kwa nailoni pale kwenye meza ya mikate. Ulifurahi mno."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Na humu huingii."

Fundi alimsubiri mumewe apige magoti. Hakupiga. "Umeniharibia, mama," alisema, akageuka kutoka. Fundi alimfuata ukumbini, akauvuta ule ufunguo shingoni mwake mpaka kamba ikakatika.

Bibi alilala pakavu siku tisa. Alifumua mishono kidogo, akatania kidogo. Lakini kifua kilikwisha kuharibika, na siku ya kumi hakuamka.

Mnadhani mwanawe alijifunza? Siku ya matanga alilirudisha gemu kabatini, akawasha mashine, akawa anawaingiza wageni wawili wawili kuwaonyesha zile pembe. "Hii ni mikono ya mama yangu," aliwaambia, machozi yakimtoka. "Ndiyo maana sitaki unyevu uiguse." Mgeni mmoja akamshika bega, akasema ama kweli alimpenda mama yake.

Fundi, aliyekuwa akipitisha viti, alitoka uani akatapika. Aliporudi alichomoa waya wa mashine ukutani, akabeba cherehani yake, akaondoka, na hajarudi.

Funzo

Sisemi kwamba kutunza vitu vya kale ni kosa. Kosa ni kukitunza kitu kilichopita mikononi mwa mzazi wako na kumwacha mzazi mwenyewe aoze na ukuta. Machozi ya baada ya mazishi hayamkaushii mtu godoro. Nenda leo, ukaweke kiganja chako kwenye ukuta wa chumba anacholala mama yako. Ukiukuta umelowa, mhamishe leo hii.