Ukuta wa Chini ya Ngazi

Bakuli lilikuwa kavu. Jioni Shagufta alilijaza maji ya sabuni akaliweka sakafuni chini ya taa, kama alivyoelekezwa na jirani, ili viroboto waufuate mwanga watumbukie. Asubuhi hapakuwa na maji wala kiroboto. Bakuli lilikuwa limelambwa mpaka pembeni, na ute ulikuwa bado unang'aa.

Alijiambia ni paka, ingawa kwa wiki tatu walizokaa humo hakuwahi kuona paka akikatiza hata kwenye paa.

Ilikuwa nyumba ya kupanga, nyuma ya soko la vyungu mjini Multan. Shagufta aliishi na mkwewe, Mama Hajran, na binti yake Mishal wa miezi minane. Mumewe alikuwa barabarani na lori la maembe. Wiki zote tatu zilikuwa vita. Alichemsha mashuka, akaanika vitanda vya kamba juani, akafukiza majani ya mwarobaini, akapiga deki kwa mafuta ya taa hadi machozi yakamchuruzika. Fundi wa dawa alikuja na bomba mgongoni akanyunyiza kila ufa. Viroboto wakafa, akawazoa kwa kipande cha boksi. Kesho yake adhuhuri walikuwa wanapanda miguuni mwake tena, weusi kama soksi.

Mwenye nyumba, Malik Iltaf, alipoitwa alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akakataa kuingia. Alisema nyumba yake ilikuwa safi kabla yao.

"Wadudu mmekuja nao wenyewe, binti. Kuogeni."

Shagufta alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na vidonda kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Angemjibu, lakini Mama Hajran alimvuta upindo wa shela, akanyamaza, na kule kunyamaza kukamuuma kuliko viroboto.

Kisha ikaja harufu. Mwezi wa sita, jua limekausha hata madimbwi, lakini chini ya ngazi kulinuka manyoya yaliyolowa mvua. Ikafuata sauti. Umeme ulipokatika na feni kusimama, walisikia kitu kikihema nyuma ya ukuta, haraka haraka, kama kiumbe kilichokimbia mbali kikakuta mlango umefungwa.

"Umesikia?" Mama Hajran alinong'ona.

"Nimesikia. Usimwamshe mtoto, atalia."

Lakini Mishal hakuwahi kulia. Yeye peke yake hakuwa na alama hata moja. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana, Shagufta alimlaza kitandani akaenda uani kukamua nguo, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu, akaangalia uvunguni, akaangalia jikoni, akapita mbele ya ngazi mara mbili bila kuona kwa jinsi jua la uani lilivyomtia kiwi, hadi akasikia kicheko, akainama, akamkuta mwanawe amekaa kwenye giza ameegemea ukuta, uchi, nywele zimelala upande mmoja, mwili mzima umelowa mate mazito yanayonuka mbwa, na viroboto wamemzunguka duara, maelfu, wametulia, hakuna hata mmoja anayeruka.

Hakupiga kelele. Alimchukua, akamwosha mara saba, akamkabidhi bibi yake. Mama Hajran alitoka kwenda kumleta Bibi Naziran, mwanamke aliyewasomea dua wagonjwa karibu na kaburi la walii.

Bibi Naziran hakufukiza kitu. Aliweka sikio ukutani, akapitisha kiganja kwenye lipu, ambayo ilikuwa mpya kuliko lipu nyingine zote za nyumba.

"Huyu hakuvamia," alisema taratibu. "Amedhulumiwa. Mwiteni aliyejenga hapa."

Malik alikuja akinung'unika. Alipoulizwa alicheka kidogo, kisha akasema, kama anayesimulia habari ya mfereji ulioziba, kwamba jike jeusi la mbwa lilizalia humo chini ya ngazi, wapangaji wakawa hawaitaki nyumba, naye akamleta mwashi, akaziba.

"Na watoto wake ndani?" Shagufta aliuliza.

"Ni mbwa."

"Na mama yao?"

"Naye ndani. Nilisema ni mbwa tu."

Shagufta alichukua mtaimbo uliokuwa uani. Malik alifoka kwamba ukuta ni mali yake, Shagufta akapiga. Bibi Naziran alikuwa anasoma, sauti yake chini, na Shagufta alipiga mpaka tofali la kwanza likadondoka, halafu la pili, na vumbi likatoka na uvundo ule. Ndani kulikuwa na mifupa midogo ya watoto wanne, imelala pamoja. Mfupa wa mama haukuwepo.

Kuhema kukaanza nyuma ya mgongo wa Malik. Kanzu yake nyeupe ikaanza kuwa nyeusi kuanzia kwenye pindo, ikapanda, naye akatoka akitembea, kisha akikimbia. Tangu hapo nyumba haikuwa na kiroboto.

Shagufta aliizika mifupa kwenye shamba kando ya mfereji, akahamia kwa dada yake. Siku ya tisa Malik alimfuata. Alikuwa amejifunika blanketi katika joto lile, midomo imevimba, na kule kuhema kulisikika wazi pembeni yake. Aliomba aoneshwe kaburi. Shagufta alitamani kumfungia mlango usoni. Badala yake alimbeba Mishal begani akatangulia.

Malik alipiga magoti kwenye mchanga. Alisema alifanya vibaya, akaomba radhi, mara tatu, akilia. Kuhema kukakoma. Palikuwa kimya hata maji ya mfereji yakasikika. Malik alijipapasa mikono, akaona haiwashi, akavuta pumzi ndefu na kumgeukia Shagufta akitabasamu.

"Basi yameisha. Mwezi ujao naipangisha."

Nyuma yake mchanga wa kaburi ulianza kuchezacheza, polepole, kama maji yanayokaribia kuchemka. Shagufta aliuona. Alimkumbatia mwanawe, akageuka, akaondoka bila kumwambia neno.