Mkanda wa Babu Wapanda Ndege

Sanduku la marehemu mume wangu lilikaa juu ya kabati miaka mingi. Lilikuwa la bati, rangi ya kijani, limezungushiwa mkanda wa ngozi. Alikuwa fundi wa reli. Kila aliposafiri, nilimkunjia mashati humo. Kila aliporudi, lilinukia sabuni yake na mafuta ya treni. Hata baada ya kifo chake, nikilifungua, harufu ile ilinijia.

Mjukuu wangu akapata nafasi ya kusomea uuguzi nchi za nje. Nikalishusha, nikalipangusa vumbi.

"Mke mwenza, sanduku lako hili hapa."

Akacheka. "Bibi! Mume wetu alikuwa anabeba vyuma? Mimi nimeshaazima begi la zipu. Na kufuli ninalo."

Alikuwa ameshapanga kila kitu ndani ya begi hilo: nguo, pesa, dawa yake ya pumu, hata vyeti vyake vya shule. Bila vyeti hivyo, chuo hakimpokei.

Jioni akaja jirani yetu. Tunamwita Mama Safari, kwa sababu alifanya kazi nje muda mrefu, kila mara kwenda na kurudi. Tukamwomba atuamulie.

Akalinyanyua sanduku la bati. Likamvuta chini.

"Mh! Hili likiwa tupu tu limeshakula uzito wa mizigo unaoruhusiwa ndegeni. Atapeleka nini huko, bati?"

Mjukuu akanitolea ulimi.

"Usicheke bado," Mama Safari akamwambia. "Funga hilo begi lako kwa kufuli. Nipe kalamu."

Akaichoma zipu kwa ncha ya kalamu. Meno yakaachana, begi likafunguka. Akachomoa soksi. Kisha akavuta vishikio vya zipu huku na huku, pamoja na kufuli lake. Zipu ikajifunga tena, kama haikuguswa!

Mjukuu wangu akaigusa zipu kwa kidole. Sasa ikawa zamu yangu.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

"Ana meno mengi, lakini mwizi hamng'ati."

"Zipu, Bibi." Akamgeukia jirani. "Sasa nifanyeje, shangazi?"

"Tafuta begi gumu lakini jepesi, linalofungwa kwa vibanio, si kwa zipu. Lisukume palepale dukani, uone magurudumu yanavyokwenda. Lisiwe la kung'aa sana, litamwita mwizi. Pasipoti, vyeti, dawa na pesa usiviweke humo. Viweke kwenye mkoba mdogo, uuvae mbele, si mgongoni. Pesa zigawe, nyingine zikae kwenye kijimfuko ndani ya nguo. Na mtu akikuomba umbebee kifurushi?"

"Nitamsaidia, masikini..."

"Thubutu! Hata akilia, mwambie hapana. Kitakachokutwa humo utakijibia wewe."

Kesho yake tukanunua begi la vibanio, jeusi.

"Mabegi meusi ni mengi kama kunguru," Mama Safari akasema. "Utalijuaje lako?"

Nikaenda kwenye sanduku la bati. Nikaufungua mkanda wa ngozi taratibu, maana kifungo chake alikishona mume wangu mwenyewe. Tukauzungusha kwenye begi jipya, tukaukaza. Mjukuu akalipiga picha kwa simu. Kwenye kibandiko akaandika jina na namba yake, si mahali tunapoishi.

Akaondoka. Nyumba ikapwaya.

Simu ikalia. "Bibi, nimefika salama. Ila begi halikufika."

Moyo ukanilipuka. "Vyeti je?"

"Ninavyo mkobani. Chuo kimeshanipokea. Na dawa nimevuta asubuhi. Usilie, Bibi. Nimewaonyesha picha ya begi, wanalitafuta."

Sikulia mbele yake. Nilisubiri akate simu.

Siku chache zikapita. Akapiga tena.

"Kitendawili, Bibi!"

"Tega!"

"Mume wetu hakuwahi kupanda ndege, lakini sasa amepanda mbili."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. "Mkanda!"

"Ndio! Begi lilipelekwa nchi ambayo hata mimi sijaiona. Mabegi meusi yalijaa chumba kizima. Wakalitambua kwa mkanda wa Babu. Hakuna kilichoguswa."

Sanduku la bati nimelirudisha juu ya kabati. Halina mkanda tena, kifuniko kimelegea. Siku hizi harufu ile inatoka yenyewe. Sina haja ya kulifungua.