Milango Ishirini na Sita ya Baba Dogo

Foleni ya unga wa njano ilikuwa ndefu asubuhi hiyo ya ukame wa 1984, kutoka mlango wa duka pale Umoja hadi barabarani. Kavutha alisimama katikati kwa sketi yake ya marinda na blauzi ya rangi ya ndizi mbivu, mfuko kwapani, aliposikia sauti aliyoikimbia miezi minane.

"Kumbe wewe pia unakula ugali. Nilidhani umehamia mbinguni."

Daktari Bedan Irungu, mtafiti wa afya ya jamii, alikuwa amekonda hadi koti linamning'inia mabegani. Kavutha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niambie tu jina la huyo jamaa aliyekuchukua," Bedan alisema.

"Hakuna jamaa."

"Basi nilikukosea nini, mpenzi?"

Kavutha alisogea hatua moja na foleni. Bedan akatoa mkobani jarida jembamba lililochapishwa ng'ambo, akalifungua pale pale kwenye foleni. Ulikuwa utafiti wao kuhusu watoto kuharisha katika mtaa wa Baba Dogo. Ilikuwa makala yake ya tatu, na kwa sababu yake chuo kilikuwa tayari kumpandisha cheo. Chini ya kichwa palikuwa na majina mawili, lake na la Kavutha. Watafiti wengine huwashukuru wasaidizi wao mwishoni, kwa herufi ndogo. Yeye alimweka kando yake kama bibi harusi.

Hapo aibu ikamzidi Kavutha.

"Lifute jina langu," alisema. "Nyumba ishirini na sita sikuingia, Bedan. Fomu zake nilijazia jikoni kwa mama."

"Nyumba zipi?"

"Za wazee. Ningemuuliza vipi mtu wa rika la baba yangu kinyesi cha wajukuu wake kinatupwa wapi? Nilibisha kwa Mzee Naftaly, akatoka, nikamsalimia, nikaenda zangu. Hizo zingine nikakisia. Ndiyo maana nilikukimbia."

Bedan alilifunga jarida polepole. "Miezi minane nimemchukia mwanamume ambaye hayupo," alisema, akaondoka bila unga. Kavutha alilia mbele za watu, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakamlaani Bedan kwa kumwacha msichana mzuri hivyo. Hilo lilimuumiza zaidi.

Siku tisa baadaye aliitiwa simu kiwandani alikokuwa karani.

"Nimewaandikia wenye jarida waiondoe makala," Bedan alisema. "Chuo pia nimewaambia."

"Na cheo?"

"Kimeenda. Usilie kwa simu ya mwajiri. Jumamosi nakungoja Baba Dogo na fomu ishirini na sita."

"Bado unataka nizishike mimi?"

"Nani mwingine anajua njia? Na uvae vile viatu vya kutembea, madam, si vile vya kunitesa."

Jumamosi hiyo Mzee Naftaly aliwakaribisha viti. Kavutha aliuliza la kinyesi uso ukimwaka, na mzee akajibu bila kusita, kana kwamba ameulizwa bei ya mkaa. Kisha akaulizwa kama kuna mtoto wa nyumba hiyo aliyeharisha mwaka uliopita.

"Kageha, mjukuu wangu," alisema mzee. "Siku mbili tu, akatutoka. Wewe nakukumbuka, msichana wangu. Ulikuja juma moja baada ya kumzika. Nilidhani umekuja kutupa pole."

Kwenye fomu ile ya jikoni, Kavutha alikuwa ameandika: hakuna.

Alipiga magoti sakafuni. "Pole, baba," alisema. "Sikukuuliza. Niliona haya."

"Ungeuliza tu," mzee akajibu. "Ningekuambia."

Kavutha aliandika jina la mtoto huku machozi yakilowesha karatasi, na Bedan hakumpokea kalamu.

Walipotoka nje Kavutha alisema, "Sasa unajua unayempenda ni mtu wa aina gani."

"Najua. Nataka kukuoa."

"Usiniulize leo, Bedan. Leo siwezi hata kukutazama."

"Sawa. Nitauliza tena tukifika mwisho wa hii mistari ya nyumba."

Kavutha akajipangusa uso kwa kiganja, akabisha mlango wa pili.