Buti Mlangoni kwa Gunnhild

Walikutana mlangoni pa maktaba ya Longyearbyen, kule visiwa vya barafu, ambako huingii ndani mpaka uvue viatu. Watu walikuwa wamejaa. Torunn kainama afungue kamba, Eivind naye kainama, vichwa vikagongana ngo!

"Pole, mrembo. Sijakuua?"

"Bado. Jaribu tena uone!"

Wakacheka, wakapendana. Kabla baridi haijaisha, Torunn alikuwa keshamtilia Eivind kamba nyekundu kwenye buti zake, na Eivind alikuwa anasita kupokea kazi nzuri ya Tromsø, mji wa ng'ambo ya bahari, kwa ajili yake.

Kisha likaja tetemeko. Dogo tu, la chini ya bahari, si mbali na pwani. Vikombe viligongana, taa zikayumba, basi. Lakini watu wa mji ule wanaijua theluji inapoporomoka mlimani, na waliokuwa maktabani, Eivind akiwa mmojawapo, walitimka mbio. Torunn alikuwa zamu mkahawani.

Kesho yake akapita kwa Gunnhild, msusi aliyewahi kumtaka Eivind. Barazani aliona nini? Buti zenye kamba nyekundu! Moyo ulimlipuka. Yaani kaogopa, akakimbilia kwa huyu?

Hakubisha hodi. Alizibeba buti, akazijaza maji, akaziacha nje zikaganda zikawa mawe. Mchana akaingia nazo mkahawani, akazibwaga mezani mbele ya Eivind, supu ikamrukia kwenye sweta lake jeupe la sufu.

"Vaa viatu vyako, mwongo mkubwa we! Ukiogopa unakimbilia kwa Gunnhild, siyo?"

"Torunn, hebu nisikilize..."

"Nisikilize nini? Nenda akakukaushe yeye!"

Watu waliangua kicheko. Torunn aliondoka roho imemtulia kwatu. Eivind akapiga simu, akapiga tena; kila ikilia, Torunn anaitazama na kutabasamu. Acha aumie! Alilala usingizi mtamu kwa hasira zake.

Asubuhi ikalia simu nyingine. Gunnhild.

"We mwanamke, umeiba buti mlangoni kwangu?"

"Za bwana wako!"

"Bwana gani? Za baba! Yaani, kavaa yeye. Siku ya tetemeko alikuwa maktabani, kila mtu kavaa alichokikuta. Mzee haoni vizuri, kaja nazo hapa. Huyo Eivind wako katoka na viatu vya baba, visigino nje. Hukumwuliza?"

Akampigia Eivind.

"Mpenzi wangu, nisamehe. Nilikosa."

"Ulinitukana mbele za watu. Njoo uniombe radhi mbele yao."

Alikwenda mkahawani, kavaa gauni la bluu alilolipenda Eivind. Akavua viatu mlangoni, akasimama na soksi zake katikati ya meza.

"Jamani, nilimsingizia mtu. Eivind hakunikosea lolote. Nisamehe, mpenzi."

Gunnhild, kule pembeni, akajiziba mdomo.

"Nimekusamehe," Eivind akasema.

Torunn alifuta machozi, akamwendea amkumbatie. Eivind akainama, akachukua mkoba wake chini ya meza.

"Ile kazi ya Tromsø nimeipokea. Ndege inaniondokea."

"Unakwenda? Utarudi lini?"

Eivind akaupachika mkoba begani.

"Leo ndiyo umejua kuuliza?"

Akatoka.